Kutoka Lushoto hadi Wuppertal: Shajara ya Familia Iliyotumwa

Jumapili, 4 Agosti. Lushoto

Leo usharika umetuaga. Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) inamtuma mume wangu, ambaye ni mchungaji, akafanye kazi katika Kanisa la Kiinjili la Rhineland nchini Ujerumani. Anakwenda kupitia UEM, ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani wenye makao makuu katika jiji la Wuppertal. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kazi yangu huko itakuwa kushiriki vipindi vya dini mashuleni na mafundisho ya kipaimara. Tunafuatana na watoto wetu wawili, mvulana wa miaka tisa na binti wa miaka sita.

Baada ya ibada watu wengi walituuliza swali moja: Wajerumani ndio waliotuletea Injili, sasa ninyi mnawapelekea nini? Ni swali la haki. Mwaka 1891 Johanssen na Wohlrab wa Misheni ya Bethel walipanda milima hii ya Usambara wakafungua kituo Mlalo, na koo nyingi za hapa huhesabu Ukristo wao kuanzia hapo. Lakini tangu mwaka 1996 UEM si shirika la Wajerumani linalotuma watu wake kusini, bali ni ushirika wa makanisa zaidi ya 30 yanayoamua mambo pamoja na kutumiana watenda kazi kila upande. Marehemu Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, ambaye mwenyewe alisoma theolojia huko Bethel, Ujerumani, alichaguliwa mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Kwa hiyo njia hii ilikwisha kupitwa na wakubwa wetu, na hakuna sababu ya kuishangaa. Mzee mmoja wa kanisa, baada ya kutuwekea mikono, aliniambia, "Mama Mchungaji, nendeni mkafanye kazi. Msiende kutazamwa." Nimeyaandika maneno yake hapa ili niyasome tena nitakapochoka.

Jumatatu, 5 Agosti. Njiani

Tumeteremka kwa basi kupitia Soni hadi Mombo, ukungu ukiwa bado haujaachia mabonde, kisha tukashika barabara ya Korogwe na Chalinze hadi Dar es Salaam. Binti amelala njia nzima. Kaka yake ameuliza mara nyingi kama shule ya Ujerumani ina viboko, na baba yake amemjibu kwamba haina.

Jumatano, 7 Agosti. Wuppertal

Tumeruka usiku kupitia Addis Ababa hadi Frankfurt, na kutoka uwanja wa ndege tumepanda treni ya kasi hadi Köln, kisha nyingine hadi hapa. Mji huu umekaa kwenye bonde refu na jembamba, nyumba zimepanda vilima pande zote mbili, na kwa mtu aliyezoea Usambara macho hayaoni ugeni mkubwa. Juu ya mto Wupper inapita treni inayoning'inia kwenye reli moja tangu mwaka 1901, yenye urefu wa kilomita 13.3 na vituo 20. Watoto walisahau uchovu wote walipoiona ikipita juu ya vichwa vyao.

Mwenyeji wetu kutoka usharika alikuwa ameweka mezani mkate, jibini na bakuli la plamu. Binti yangu alitazama zile plamu akasema, "Mama, hizi ni za Lushoto." Akazila nyingi.

Alhamisi, 8 Agosti

Sheria ya hapa inamtaka kila anayehamia kwenye nyumba ajiandikishe kwa ofisi ya jiji ndani ya wiki mbili, na bila cheti hicho hakuna benki, hakuna bima ya afya, hakuna shule. Tumekipata leo. Kisha mwenyeji wetu akatuonyesha jambo ambalo nisingelifikiria: ni lazima jina la familia liandikwe kwenye kisanduku cha barua na kwenye kengele ya mlango, kwa sababu mtu wa posta asipoliona huirudisha barua ilikotoka. Kwetu mtu huifuata barua kwenye sanduku la posta la shule au la usharika. Hapa barua humfuata mtu mlangoni kwake, na karibu kila jambo la serikali huja kwa barua. Mwanangu ameandika jina letu kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa, na baba yake amelibandika.

Jumatatu, 12 Agosti

Leo kadi za kliniki zimetuokoa. Tangu Machi 2020 sheria ya Ujerumani inamtaka mtoto anayeanza shule awe na uthibitisho wa chanjo mbili za surua au wa kinga, na wazazi wengi wahamiaji hulazimika kuwachanja watoto upya kwa kukosa karatasi. Mimi nilikuwa nimezibeba kadi za watoto wote wawili kwenye mkoba wa mkononi, zikiwa zimekunjika na kufifia rangi, zenye mihuri ya kituo cha afya na tarehe za chanjo ya surua na rubela za miezi tisa na miezi kumi na minane. Daktari alizisoma mstari kwa mstari. Kisha aliona alama ya BCG, chanjo ya kifua kikuu, begani kwa binti yangu, akamweleza muuguzi kijana kwamba chanjo hiyo haipendekezwi tena Ujerumani tangu mwaka 1998, ndiyo maana yeye hajawahi kuiona kwa watoto wa hapa. Alitia saini fomu za shule bila kuagiza sindano hata moja. Mama yeyote anayejiandaa kusafiri na watoto azitunze kadi hizo kama anavyotunza pasipoti.

Jumatano, 14 Agosti

Hii ndiyo siku iliyokuwa nzito kuliko zote hadi sasa. Tulikutana na mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya mtaa wetu pamoja na mshauri wa jiji anayeshughulikia watoto waliohamia kutoka nje. Kwa binti hapakuwa na mjadala: ana miaka sita, ataanza darasa la kwanza na wenzake. Kwa kaka yake, aliyekwisha kuanza darasa la nne nyumbani, walipendekeza aingie la tatu.

Mume wangu aliumia, nami nilimwelewa. Mzazi wa kwetu akisikia mtoto amerudishwa darasa husikia kwamba ameshindwa. Lakini nilimwomba atusubirie tuelezwe, kwa maana mimi ni mwalimu na nilitaka kujua mfumo wenyewe kabla ya kuukataa. Katika jimbo hili shule ya msingi ni ya miaka minne tu. Katika darasa la nne walimu huandika pendekezo la aina ya sekondari inayomfaa mtoto, wakati hapo mtoto ana miaka tisa au kumi, na aina hizo hazifanani: ipo inayoelekea moja kwa moja chuo kikuu, ipo inayoelekea ufundi na ofisi, na ipo inayowachanganya wote. Mtoto aliyeingia darasa la nne mwezi Agosti bila lugha angepimwa kabla hajapata nafasi ya kujieleza. Akiingia la tatu, anapata miaka miwili.

Tukakubali. Tulipotoka nje mwanangu alituuliza kama amefeli. Baba yake aliinama hadi macho yao yakalingana, akamwambia, "Hapana, mwanangu. Tumekuombea muda." Nimefurahi kwamba jibu hilo lilitoka kwa baba yake.

Nyumbani Tanzania tuna mengi ya kulalamikia kuhusu shule zetu, na mimi nimefundisha darasa lenye watoto zaidi ya 80. Hata hivyo, sikubaliani na utaratibu wa kumgawa mtoto njia za maisha akiwa na miaka kumi. Wajerumani wengi niliozungumza nao wanakiri kwamba mtoto wa wazazi waliosoma hupata pendekezo zuri kwa urahisi zaidi. Kanisa linalosema kila mtoto ameumbwa kwa mfano wa Mungu lina neno la kusema hapa, na natumaini wakati wetu hapa tutashiriki kulisema.

Jumapili, 18 Agosti

Ibada ya kwanza. Jengo ni kubwa, na waliokuja hawakufika hamsini, wengi wao wazee. Bonde hili lina urithi wa Kilutheri na wa Kireformati, tawi lingine la Uprotestanti, kwa pamoja, na kanisa tuliloabudu leo ni la mapokeo ya Kireformati: hakuna msalaba mezani, hakuna mishumaa wala picha, ni Biblia iliyofunguliwa tu. Binti yangu aliuliza kwa sauti msalaba uko wapi. Bibi mmoja aliyekaa nyuma yetu alitabasamu, na baada ya ibada akatushika mikono sote mmoja mmoja.

Sadaka ilikuwa ndogo na ya haraka, kwa sababu kanisa huendeshwa zaidi kwa kodi ya kanisa, ambayo kwa jimbo hili ni asilimia 9 ya kodi ya mapato ya muumini, nayo hukusanywa na serikali. Fedha hizo zinasaidia kuendesha shule za awali, huduma za wagonjwa na nyumba za wazee. Mtu akitazama viti vitupu peke yake atasema kanisa hili limekufa, na atakuwa amekosea. Upendo wake umehamia katika siku za kazi. Linachokosa, kwa jinsi ninavyoona, ni watu wa kuimba pamoja nao siku ya Jumapili na watoto wa kuwasumbua kwa maswali.

Jumatano, 21 Agosti

Shule zimefunguliwa. Mwanangu alikwenda na mkoba mkubwa wa mgongoni, kikopo cha mkate na karoti, na kalamu ya wino ya kuwekewa katriji, ambayo kila mtoto wa darasa lake anatakiwa kuwa nayo. Alirudi na vidole vya bluu. Nilipomuuliza siku ilikuwaje alisema, "Wanaongea sana." Sikupata zaidi.

Alhamisi, 22 Agosti

Leo ilikuwa siku ya binti. Hapa mtoto anayeanza darasa la kwanza hubeba koni kubwa ya karatasi ngumu, iliyojazwa peremende, penseli na zawadi ndogo, na wazazi huitengeneza nyumbani kwa siku kadhaa. Bibi wa Jumapili ile alikuja juzi na karatasi na gundi, nami nikaizungushia kipande cha kanga ya mama yangu. Kanisani, katika ibada ya kuwaombea watoto wa darasa la kwanza ambayo Waprotestanti na Wakatoliki huiandaa pamoja, mume wangu aliombwa atoe baraka kwa Kiswahili. Wazazi wa kila asili walikuwamo, Waturuki, Wasiria, Waukraine, Wajerumani, na wote walisimama. Mama mmoja mwenye hijabu aliyekuwa kando yangu aliniuliza maneno yale yana maana gani, nikamweleza, akasema amina.

Nilipoona vile ndipo nilipoelewa kazi yetu itaanzia wapi. Tulikuwa tumefikiri mlango wetu wa kuingia katika mji huu ni madhabahu. Lakini wanaokuja kanisani ni wachache, ilhali wazazi wote wa mtaa, wenye dini na wasio nayo, hufika kwenye geti la shule kila siku kabla ya saa mbili asubuhi.

Jumanne, 3 Septemba

Jioni nimekaa mezani na mwanangu na daftari lake la hesabu, na nimeona kinachomtesa. Si hesabu. Hapa alama ya kugawanya ni nukta mbili, alama ya kuzidisha ni nukta moja katikati, tarakimu moja huandikwa na mkia mrefu wa mbele kiasi kwamba yeye huisoma kama saba, na saba yenyewe hukatwa kwa mstari. Mkato hutenganisha desimali, hivyo 3,500 ambayo kwetu ni elfu tatu na mia tano, hapa ni tatu na nusu. Zaidi ya hayo, Wajerumani wakitamka namba hutaja mamoja kabla ya makumi, na katika imla ya namba mwanangu husikia 54 akaandika 45. Mwalimu alitia alama nyekundu kwenye majibu ambayo mtoto alikuwa ameyakokotoa sawasawa.

Nimeandika orodha ya tofauti hizo kwenye karatasi, na kesho nitaipeleka shuleni.

Ijumaa, 6 Septemba

Mwalimu aliipokea karatasi ile kwa shukrani ya kweli, akaisoma palepale, na leo amemwita mwanangu ubaoni aonyeshe jinsi tunavyogawanya Tanzania. Darasa la tatu la hapa halijafika kwenye mgawanyo mrefu. Alichora mabano yake, akagawa 96 kwa 4 kwa hatua, akateremsha sita, akapata 24. Wenzake walitaka awafundishe. Kisha mwalimu naye akaandika hesabu ileile kwa namna yao, 96 : 4 = 24, akawaambia watafute mahali zinapofanana. Nimeyapata haya kwa mwanangu mwenyewe, aliyesimulia hadi chakula kikapoa.

Jumatano, 18 Septemba

Jana jioni kulikuwa na mkutano wa wazazi. Tulikaa kwenye viti vya watoto, magoti juu, na tukawachagua wawakilishi wa wazazi kwa kura ya siri. Mwalimu alieleza jambo ambalo kila familia ya kwetu inayokuja huku inapaswa kulijua mapema: sehemu kubwa ya alama hutokana na mtoto kunyoosha mkono na kusema darasani. Mtoto wangu amelelewa kusubiri aulizwe, kusimama anapojibu, na kutomkatiza mkubwa. Adabu hiyo hapa husomwa kama kutojua. Sitaki aipoteze, na nimemwambia hivyo. Nimemwambia pia kwamba darasani kwao kunyoosha mkono ni adabu vilevile, kwa kuwa mwalimu anangoja mchango wake.

Alhamisi, 26 Septemba

Kipindi changu cha kwanza cha dini, darasa la nne. Nilileta ramani, kanga, na picha za Lushoto mwezi Julai watu wakiwa wamevaa masweta. Watoto walishangaa kwamba Afrika kuna baridi. Msichana mmoja aliuliza kama watoto wa Tanzania wana huzuni. Nilijua swali hilo limetoka wapi: limetoka kwenye mabango ya kuchangisha fedha, ambayo makanisa nayo yameyatumia kwa miaka mingi. Nilimjibu kwamba wapo wenye huzuni na wapo wenye furaha, kisha nikawasimulia kuhusu wanafunzi wangu, yule aliyekuwa akitembea mwendo mrefu na bado anafika wa kwanza, na wale mapacha waliokuwa wakibadilishana madaftari. Picha za watoto wenye njaa hukusanya fedha, lakini humfundisha mtoto wa Ulaya kwamba mwenzake hana kitu cha kumpa. Mimi nimetumwa hapa, pamoja na mambo mengine, kulipinga somo hilo, na nitalipinga kwa upole kila wiki nitakayopewa kipindi.

Jumatano, 16 Oktoba

Likizo ya vuli. Tumewapeleka watoto Barmen, sehemu ya jiji hili la Wuppertal, kwenye Kanisa la Gemarke, ambako kati ya 29 na 31 Mei 1934 wajumbe wa makanisa ya Kiinjili walikutana wakatoa Azimio la Barmen, wakikataa kanisa kufanywa chombo cha Hitler na kukiri kwamba Yesu Kristo ndiye Neno moja la Mungu wanalopaswa kulisikia na kulitii. Mume wangu aliwahi kuandika mtihani juu ya azimio hilo. Leo ameligusa jengo lenyewe kwa kiganja. Mtaani mbele ya kanisa kuna sanamu ndogo ya shaba ya umati, wengi wakiwa wameinua mkono kwa saluti ya Kinazi na wachache wamegeuka upande wa pili. Mwanangu aliizunguka akiwatafuta waliogeuka. Jirani na kanisa limejengwa sinagogi, lililofunguliwa mwaka 2002 kwenye kiwanja kilichotolewa na usharika huo. Azimio la 1934 halikutaja mateso ya Wayahudi, na Wakristo wa hapa hulisema jambo hilo wazi bila kulizunguka. Kukiri kwao kumenifundisha kuliko fahari ambayo wangeweza kuwa nayo.

Jumatatu, 11 Novemba

Siku ya Mtakatifu Martin. Giza limeingia mapema sana, na watoto wote wa shule wameandamana na taa za karatasi walizozitengeneza wenyewe, wakiimba nyuma ya farasi, kisha kila mmoja akapewa mkate mtamu wenye umbo la mtu. Binti yangu ameimba kila ubeti. Kijerumani chake kimetupita sote.

Ijumaa, 22 Novemba

Leo wazazi wameitwa mmoja mmoja kuonana na walimu. Binti anasoma vizuri. Kuhusu kaka yake mwalimu alisema kwamba katika hesabu mkono wake hunyooka, katika masomo ya mazingira bado ananyamaza, na kwamba aendelee na vipindi vya ziada vya Kijerumani pamoja na kusoma kwa sauti dakika kumi kila jioni. Niliuliza kama tuache kuzungumza Kiswahili nyumbani, kwa maana jirani mmoja alitushauri hivyo. Mwalimu alikataa kabisa. Alisema mtoto mwenye lugha imara ya nyumbani hujifunza ya pili kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo imeamuliwa: mezani ni Kiswahili, na Jumamosi kwa simu na bibi yao ni Kisambaa.

Mwalimu wa dini ameniomba kuanzia Januari nichukue kipindi kimoja kila wiki katika darasa la nne, na baraza la wazee wa kanisa limekubali kusogeza mafundisho ya kipaimara kutoka Jumanne hadi Alhamisi ili nisikose kimojawapo. Tutaanza na somo la maji, jinsi yanavyofika Lushoto na jinsi yanavyofika Wuppertal, na mwanangu ataandika barua kwa darasa lake la zamani kuwauliza ni nani anayechota, wapi, na saa ngapi, ili majibu yao yasomwe hapa darasani kwa majina yao.